Bwana Ruhusa na Chipu ya Mkewe

Siku aliyostaafu ukarani, wenzake wa masjala walimmwagia sifa mpaka akaona haya, kisha wakamkabidhi zawadi: kompyuta ya mkononi, si mpya, lakini nzima. Machozi yalimlengalenga. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakohoa kidogo, halafu akauliza barua ya makabidhiano iko wapi. Watu wakacheka. Walipoona bado amesimama vilevile, kompyuta kifuani, wakaacha kucheka. Sherehe ilisimama nusu saa nzima, soda zikipata joto mezani, mpaka mkuu wa masjala alipoketi akaandika kwamba kifaa chenye namba kadha wa kadha sasa ni mali ya bwana huyu, akagonga na muhuri.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa miaka thelathini na moja hakuna jalada lililotoka mikononi mwake bila sahihi, na yuko bosi mmoja aliyewahi kunyimwa jalada lake mwenyewe kwa sababu alikuja bila kitambulisho. Mtaani walimwita Bwana Ruhusa. Wachache walilitamka jina hilo kwa heshima, wengi kwa kejeli, naye aliwaitikia wote, maana hakuona tusi liko wapi.

Mkewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa fundi wa kufuma, na sebule ya nyumba yao ndiyo iliyokuwa karakana yake: mashine ndefu kama kitanda yenye sindano mia mbili, makapu ya nyuzi, na rundo la masweta yaliyosubiri vifungo. Mama Sweta, ndilo jina lake la mtaa. Kila mwaka, shule kubwa ya juu ya barabara ilipokaribia kufunguliwa, alifuma masweta mia mbili na arobaini yenye nembo kifuani, kitabu na mwenge, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuchelewesha hata moja. Hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa. Ukikaa naye dakika kumi ungelisikia mara mbili.

Mashine ile ilitoka kwenye kiwanda kilichokwisha kufa. Ubavuni ilikuwa na kisanduku, ndani ya kisanduku kulikuwa na chipu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na ndani ya chipu yalikuwamo maagizo ambayo wahandisi wa kiwanda waliyaandika zamani: sindano ipi ipande, ipi ishuke, uzi wa mwenge upite wapi. Bila maagizo hayo ungeweza kufuma kitambaa kitupu, lakini nembo isingetoka hata ungeipigia magoti.

Bwana Ruhusa alipoanza kuchezea kompyuta yake ya kustaafia, aligundua kwamba duniani wamo watu wanaozihurumia mashine za namna hiyo. Walikuwa wametengeneza programu ya bure, tena huria: kila mtu ruksa kuitumia, kuinakili, kuibadili na kumgawia mwenzake. Kisanduku kikifa, unaunganisha mashine na kompyuta, na programu inashika nafasi ya kisanduku. Watu hao hawakuwa wamewahi kuonana. Walijuana kwa barua pepe tu, na mkubwa wao aliitwa Ndevu kwa sababu ya picha yake. Bwana Ruhusa hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Lakini alifanya jambo ambalo hakuna mwenzao aliyewahi kulifanya: aliisoma leseni mwanzo hadi mwisho. Kisha akamwandikia Ndevu kuuliza picha ya uzi iliyo kwenye ukurasa wa kwanza ilipigwa na nani, na kama mpigaji aliridhia.

"Mzee wetu," Ndevu alijibu, "wewe ndiye tuliyekuwa tunamkosa."

Wakampa kazi ya kukagua mafaili yote ya programu, elfu moja na mia tatu na ushei, moja baada ya jingine: nani ameliandika, na katoa ruhusa gani. Alikunja mikono ya shati. Kwa miezi minne alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani, na hakuna aliyejua kwa nini. Kisha akafika kwenye faili la elfu moja na kumi na tisa, akakwama.

Lilikuwa nakala ya yaliyomo ndani ya chipu yenyewe, herufi kwa herufi. Aliyelileta alikuwa ameacha maelezo mafupi: "Nimeyatoa kwenye mashine ya marehemu shangazi." Basi. Na bila faili hilo programu nzima haikuwa na la kufanya.

"Shangazi aliinunua mashine," Bwana Ruhusa aliwaandikia wenzake. "Je, maagizo aliyaandika yeye?"

Watu wakachachamaa. Mmoja alisema kiwanda kimekufa, sasa atakayedai ni nani? Akajibiwa kwamba kiwanda hufa lakini haki hurithiwa. Mwingine akasema faili limekaa humo miaka sita na hakuna aliyelalamika. Akajibiwa kwamba masjala kulikuwa na jalada lililokaa kimya miaka ishirini na miwili, na siku lilipofunguliwa watu watatu walihama nyumba zao. Wa tatu akapendekeza maagizo yaandikwe upya, kwa akili mpya, na watu ambao hawajawahi kuyaona yale ya kiwanda. Wote waliliona hilo kuwa la hekima, mpaka walipogundua kwamba katika kundi lao hakuna ambaye hakuwa ameyaona.

Ndipo Bwana Ruhusa akatoa rai yake. Faili liondolewe. Mahali pake pawekwe maelezo, na kifaa kidogo cha kuchotea, ili kila mwenye mashine achote mwenyewe kutoka kwenye chipu yake. Wakapiga kura, akashinda. Maelezo aliyaandika yeye, kurasa kumi na moja, na juu ya ukurasa wa kwanza akaweka kwa herufi kubwa: CHOTA MAPEMA, CHIPU IKIFA HAICHOTEKI.

"Kwa hiyo," mmoja wao aliuliza, "anayeweza kuchota ni yule asiyehitaji, na anayehitaji hawezi kuchota?"

Bwana Ruhusa alimwandikia kumshukuru, akasema ameelewa sawasawa.

Kisha, ili awe mfano kwa wengine, akalifuta toleo la zamani kwenye kompyuta yake, akafuta na lile pipa la vilivyofutwa. Kilichobaki kilikuwa kuchota chipu ya mashine iliyokuwa pale pale sebuleni. Kazi ya dakika ishirini na waya mmoja. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mimi, kwa umri wangu huu, sijamwona binadamu mwingine akilifanya.

Mashine ilikuwa ya mkewe. Mama Sweta aliinunua kwa jasho lake, na maelezo, ukurasa wa nne, yalisema wazi kwamba mchotaji awe mwenye mashine, au awe na idhini ya maandishi kutoka kwa mwenye mashine. Basi mumewe akatengeneza fomu ya idhini, ukurasa mmoja, akaenda kuichapisha, akamletea.

"Mke wangu, nisainie hapa."

"Nini tena?"

"Idhini ya kuchota chipu yako."

"Kwani ukichota sijasaini itatoka damu?"

"Ni utaratibu tu."

"Haya, weka hapo. Nimalize mkono huu."

Alimaliza mkono huo akaanza mwingine. Fomu ikalala chini ya kapu la nyuzi za bluu. Mumewe alimkumbusha Jumatatu, akamkumbusha Alhamisi, akamkumbusha wiki iliyofuata, na kila mara jibu lilikuwa weka hapo. Jumamosi mke alikwenda sokoni asubuhi nzima. Mtu mwingine yeyote angechomeka waya, akamaliza, akanywa na chai. Yeye alivuta kiti, akakaa kando ya mashine, akaitazama. Hakuigusa. Ilikuwa mali ya mtu.

Zikiwa zimebaki wiki tano shule ifunguliwe, umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa kishindo. Balbu mbili zilipasuka, friji ya jirani ikatoa mlio, na kisanduku cha mashine kikafuka moshi mwembamba. Mama Sweta alichomoa waya ukutani, akafungua kifuniko, akanusa, akafunga. Hakuwa na wasiwasi mkubwa.

"Si neno," alisema. "Si ulisema ile programu yenu inafanya kazi ya kisanduku?"

"Inafanya."

"Basi unganisha."

"Inahitaji maagizo ya chipu."

"Si yamo humo humo?"

"Niliyatoa."

"Ukayaweka wapi?"

"Niliyafuta. Hayakuwa yetu."

Mama Sweta alivuta pumzi. "Na ya kwangu mimi? Ya chipu yangu? Hukuyachota?"

"Hukusaini."

Mimi ningemrushia kapu. Mama Sweta alikaa kitini taratibu, akamtazama mumewe usoni kwa muda mrefu akitafuta dalili yoyote ya utani, hata ndogo. Hakuiona. Akainuka, akaenda jikoni, na kwa siku tatu mambo yote ya nyumba ile yalisemwa na vifuniko vya sufuria.

Siku hizo tatu alijaribu kushona nembo kwa mkono. Kitabu kilitoka vizuri. Mwenge ulitoka mwiko. Nembo moja ilimla saa moja na nusu, na baada ya ya nne macho yalimtoka machozi ya kuchoka. Alihesabu siku zilizobaki, akaweka sindano chini. Ilikuwa wazi kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, masweta yatachelewa, na shule itapeleka kazi kwingine, na kwingine kulikuwa kumoja tu, ambako hata kulitaja jina lake Mama Sweta hakupenda.

Usidhani Bwana Ruhusa hakuumia. Aliumia sana. Alijua vizuri kwamba toleo la zamani bado limezagaa mtandaoni. Ndevu mwenyewe, aliposikia, alimwandikia faraghani: "Mzee, mimi ninalo. Nikutumie kimya kimya?" Barua hiyo aliisoma mara nyingi kuliko leseni. Alikwenda dirishani, akarudi, akakaa. Kisha akajibu kwamba anashukuru, lakini yeye ndiye aliyeliondoa mikononi mwa mafundi wengine duniani kote, na kulirudisha nyumbani kwake peke yake kutakuwa ni wizi wa mlinzi. Baada ya hapo hakula chakula cha mchana.

Wazo lililomjia halikuwa limemjia yeyote kati ya wenzake: kumtafuta mwenye mali, amwombe. Alizama mtandaoni siku mbili. Kiwanda kilipokufa kilinunuliwa na kampuni ya vitambaa, ile ikamezwa na nyingine, na hii ya mwisho, iliyorithi makaratasi yote bila kuyafungua, ilikuwa inatengeneza masufuria. Bwana Ruhusa aliwaandikia barua ya kurasa nne. Aliwaeleza kwa kinaga ubaga chipu ni nini, ndani yake mna nini, nani wanayatumia maagizo hayo, na kwa nini, kwa hesabu zake, wenye maagizo ni wao.

"Yaani unawaambia wana kitu ambacho hawajui kama wanacho?" aliuliza mkewe.

"Mtu lazima ajue anachoombwa."

Jibu lilikuja siku ya kumi na mbili, limeandikwa na mwanasheria. Kampuni, alisema, haikuwa na kumbukumbu yoyote ya kumiliki maagizo hayo, na inamshukuru sana bwana huyu kwa kuifahamisha. Kwa kuwa sasa inafahamu, haitoi ruhusa yawekwe kwenye programu yoyote wala kusambazwa kwa mtu mwingine yeyote. Tena ingependa kupata orodha ya majina ya wote waliowahi kuyasambaza.

Mama Sweta aliisoma akiwa amesimama.

"Kwa hiyo jana hapakuwa na mtu aliyekataza."

"Hapakuwa."

"Ukatafuta wa kukataza duniani kote, mpaka ukampata."

Ndevu, kwa upande wake, aliandika sentensi moja: "Mzee, si ungewaacha na masufuria yao." Alipoisoma hiyo, Bwana Ruhusa alishika tama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alijiuliza kama kuna ombi ambalo ni heri lisiombwe, na swali hilo lilimtisha kiasi kwamba aliliacha bila jibu.

Zilibaki wiki mbili na siku chache. Mama Sweta alidai zile kurasa kumi na moja, akavaa miwani, akazisoma kwa mara ya kwanza, kidole kikifuata mstari. Ukurasa wa nne akasimama.

"Hapa umeandika mwenye mashine achote kutoka kwenye mashine yake."

"Ndiyo."

"Mtu akiwa na mashine mbili, zote zake. Moja nzima, moja imeungua chipu. Akachota kwenye ile nzima atumie kwenye mbovu. Kavunja nini?"

Bwana Ruhusa akachukua barua ya mwanasheria, akaisoma upya. Akachukua leseni. Akachukua kurasa zake. Polepole uso wake ukaanza kupata rangi.

"Hakuna cha kumsambazia mtu," alisema. "Ni mali yake, anatengeneza mali yake. Hakuna wa kumgusa."

Mama Sweta akavua miwani, akabadili gauni, akapiga moyo konde, akatoka kwenda kwa Mama Kola.

Mama Kola alikaa mtaa wa nyuma, naye alikuwa na mashine sawa na ile, ya kiwanda kile kile. Wanawake hao walikuwa hawajasalimiana kwa miaka kumi na miwili. Sababu ilikuwa kola ya kusokota, ile inayokaa shingoni bila kulegea hata sweta lifuliwe mara mia. Kila mmoja alisema mwenzake kamwibia. Wakikutana dukani kwa nyuzi, mmoja aliangalia dari na mwingine akahesabu vifungo mpaka njia ilipokuwa nyeupe.

Walivyoongea siku hiyo hakuna ajuaye. Baada ya saa moja hivi walitokea wote wawili, wamenuna sawasawa. Ilibainika kwamba na Mama Kola alikuwa na shida zake: chipu yake nzima, lakini nusu ya sindano zilikuwa zimepinda na za kubadilisha hazipatikani tena, wakati za Mama Sweta zilikuwa safi zote. Mmoja alikuwa na akili bila meno, mwingine meno bila akili.

"Shemeji," alisema Mama Kola, "andika hiyo karatasi yenu. Lakini usinichoshe."

Alimchosha. Aliandika vifungu kumi na vinne, kwa furaha ambayo hakuwa ameipata tangu akwame kwenye lile faili. Wawili hao wanaunganisha mali: mashine zote mbili, sindano zote, chipu nzima na chipu iliyoungua, kuanzia leo ni za wote kwa pamoja. Hapo mambo yalikwenda vizuri. Walipofika kwenye kifungu cha mitindo, akainua kalamu.

"Kola ya kusokota. Mbunifu ni nani?"

Mmoja akatazama mlango, mwingine akatazama kucha zake.

"Andika ni ya wote," alisema Mama Sweta.

"Siwezi kuandika nisilolijua. Aliyeianzisha ni nani?"

Mama Kola akajikuna shingo. "Mimi, kusema kweli... niliiona kwenye sweta la mtumba. La kijani."

Mama Sweta akageuka taratibu. "La kijani, limekatika kifungo cha juu?"

"Kwa yule muuzaji mwenye kigugumizi."

"Nililishika! Nikasema nakwenda nyumbani kuchukua hela. Nikarudi halipo."

"Nilikuwa nalo mimi, dada yangu."

Walicheka mpaka Mama Kola akalazimika kushika ukuta. Miaka kumi na miwili! Bwana Ruhusa hakucheka. Aliandika: "Mbunifu hajulikani," na vidole vilimuuma kuandika hivyo, lakini hakukuwa na la kufanya.

Kifungu cha tisa kilisema mashine zote mbili zikae chumba kimoja, ili nakala ya chipu isionekane inatoka nyumba hii kwenda ile, mwanasheria wa masufuria akapata pa kushika. Chumba kikawa cha Mama Kola, zamani stoo, chenye madirisha mawili. Kifungu cha kumi na moja kilisema asiye mmiliki haingii chumba hicho ila kwa ruhusa ya maandishi ya wamiliki wote wawili.

"Yeyote?" aliuliza Mama Kola.

"Yeyote. Kifungu hakibagui."

Wakasaini. Mashine ya Mama Sweta ilibebwa kwenye mkokoteni jioni hiyo hiyo. Kesho yake Mama Sweta aliichota ile chipu nzima kwa mkono wake mwenyewe, kama mwenye mashine anavyopaswa, mumewe akiwa nje ya dirisha anamsomea maelezo ukurasa baada ya ukurasa. Ilichukua dakika ishirini. Kisha mashine iliyokuwa imekufa ikaunganishwa na kompyuta, ikapeleka mkono wake kulia, ikaurudisha kushoto, na safu kwa safu mwenge ukaanza kuonekana. Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Ruhusa naye, nje ya dirisha, alipiga makofi, peke yake.

Masweta mia mbili na arobaini yalifika shuleni siku mbili kabla ya wakati. Bwana Ruhusa akawaandikia wenzake taarifa ndefu kuthibitisha kwamba hakuna haki ya mtu iliyoguswa, na Ndevu akamjibu kwamba kisa hicho kitawekwa kwenye maelezo kuwa mfano. Kila kitu kilikuwa safi. Kilichobaki ilikuwa kuishi ndani ya usafi huo.

Kila siku saa moja asubuhi Mama Sweta aliondoka. Alirudi jioni ana vumbi la nyuzi kwenye nywele na hadithi nyingi kichwani, na katika hadithi hizo zote mumewe hakuwamo. Sebuleni zilibaki alama nne za miguu ya mashine sakafuni. Miaka mingi alikuwa amelalamika kwamba kelele za mashine hazimwachi asome kwa utulivu. Sasa utulivu ulikuwapo, tele, na hakuwa na hamu ya kusoma. Wiki ya kwanza alipanga mafaili yake. Wiki ya pili alifagia mara mbili kwa siku. Wiki ya tatu alijikuta anaiambia birika kwamba maji yake yanachelewa kuchemka, akashtuka.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alivaa shati safi akaenda mtaa wa nyuma. Tokea mbali alisikia mashine mbili zikipokezana, na juu ya mashine, vicheko. Mama Kola alikuwa mlangoni, tepu ya kupimia shingoni.

"Karibu, shemeji. Umekuja na barua?"

"Barua gani?"

"Kifungu cha kumi na moja."

"Mimi ni mumewe."

"Kifungu hakibagui," alisema Mama Kola, na hakutabasamu hata kidogo.

Bwana Ruhusa alichungulia ndani. Mkewe alikuwa ameinamia kazi. "Uliandika mwenyewe," alisema bila kuinua kichwa.

Hakukasirika. Hilo ndilo linalonifanya nimpende mtu huyu pamoja na mambo yake: sheria ilipomkamata, alitambua kwamba imeandikwa vizuri. Alikaa kwenye ngazi, akatoa karatasi mfukoni, akaandika. Kwa wamiliki. Yah: ombi la kuingia chumba cha mashine. Tarehe, jina, sahihi. Mama Kola akaisoma, akasaini upande wake, akaipeleka ndani. Baada ya muda karatasi ikarudi.

"Haijakamilika," sauti ya mkewe ilisema.

"Imekosa nini?"

"Sababu ya ombi."

Ni kweli, ilikosa sababu. Katika miaka thelathini na moja alikuwa amerudisha maombi kwa maelfu yaliyokosa sababu, tena bila huruma. Aliandika "ukaguzi", akakata, maana hakuja kukagua. Aliandika "kuleta chakula", akakata, maana hakuleta chakula. Hakuwa amewahi kukatakata kwenye waraka. Mashine moja ikanyamaza, kisha ya pili. Alijua wanasubiri. Mwisho akaandika mstari mmoja haraka haraka, kabla hajabadili nia, akaupitisha mlangoni: "Nyumbani hakukaliki bila wewe."

Mama Sweta aliusoma. Mama Kola alinyoosha shingo naye asome, akafichwa. Mama Sweta akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Ingia," alisema.

"Hujasaini."

"Sisaini. Ingia."

Bwana Ruhusa alisimama pale, vidole vya viatu vyake vikigusa kizingiti. Alimtazama mkewe, akautazama mfuko wa aproni, akamtazama mkewe tena. Kisha akainua mguu akaingia. Hakudai hata nakala.